Siku Walipoutii Ubao Wangu

Kiwanda chetu kidogo cha uchapaji kiko Kariakoo, nyuma ya duka la vitenge, na kwa miaka mingi kiliendeshwa na msumari. Msumari wa inchi 4, umepigiliwa ukutani kando ya mashine. Kila kazi ikiingia, karatasi yake inachomekwa pale. Mzee wa mashine, aliyeanza kunuka wino mimi nikiwa shule ya msingi, anachomoa ya juu, anachapa, anachomoa nyingine ya juu. Kwa hiyo mteja wa Alhamisi anaondoka na mzigo wake, wa Jumatatu bado yuko kwenye benchi anasoma kalenda ya mwaka juzi.

Mimi ndiye msimamizi, na wa kwenye benchi ananililia mimi.

Usiku mmoja, niko kitandani na simu, nikaangukia video ya Toyota. Kulikuwa na mhandisi wao anaitwa Taiichi Ohno, huko nyuma miaka ya 1950, aliyevutiwa na jinsi supamaketi za Marekani zinavyofanya: rafu haijazwi mpaka mteja achukue kitu. Akaleta kadi ndogo kiwandani, kadi inatembea na kazi, na bila kadi hakuna kutengeneza chochote. Kadi hiyo wakaiita kanban, ambalo kwa Kijapani ni bango. Nikakaa kitako. Sisi tunachapa mabango ya watu mwaka mzima, kumbe la kwetu hatuna!

Jumamosi nikanunua plaiwudi, nikaipaka rangi nyeupe ya mafuta, nikaigawa kwa maka peni sehemu 4: ZINASUBIRI, ZINACHAPWA, ZINAKATWA, TAYARI. Juu ya ZINACHAPWA nikaandika 2 kubwa na kuizungushia duara, maana mashine ni mbili na kazi zisizidi hapo. Vikaratasi vya kunata nikavipa rangi: njano harusi, pinki vitabu vya risiti, kijani shule, bluu mambo ya dini. Jumatatu nikawakusanya.

"Kuanzia leo bosi ni ubao. Ubao ukisema chapa, chapa. Usiniulize mimi, usimuulize mwenzako. Soma ubao."

Halafu nikachukua koleo nikaung'oa ule msumari, Mzee akiwa amesimama pale pale. Hapo nilizidisha, nakiri.

Mzee akautazama ubao, akaitazama ile 2. "Hao Toyota unaowasema ndio hawa wa Coaster?"

"Ndio hao hao, Mzee."

"Niliyopanda leo kutoka Mbagala ilijaa mpaka konda ananing'inia mlangoni. Hiyo mbili yao wameiandika upande gani?"

Vijana wakacheka mpaka kikao kikaisha chenyewe.

Wiki mbili zilizofuata ubao niliusogeza peke yangu. Kijana wa kukata karatasi alikuwa anakumbuka kuhamisha kikaratasi kesho yake. Mzee akipita anaupa salamu ya macho, kama jirani aliyehamia mtaani bila kujitambulisha. Kila asubuhi wimbo wangu ulikuwa mmoja: someni ubao! Na niwe mkweli, na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Kazi zilizokwisha kuchukuliwa na wenyewe sikuzibandua. Niliziacha pale TAYARI, zimejaa, nikipita nazitazama roho inatulia.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa pili, joto lile la Dar la kumfanya mtu akae na bakuli la barafu mapajani. Jioni umeme ukakatika, tukafunga, tukaondoka. Hakuna aliyekumbuka kuzima swichi ya pangaboi, na ilikuwa kwenye 5.

Usiku umeme ukarudi. Pangaboi likazunguka peke yake mpaka alfajiri, na ubao uko hatua mbili tu kutoka lilipo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba gundi ya vile vikaratasi ilitoka kwa mkemia wa kampuni ya 3M, Spencer Silver, mwaka 1968. Alikuwa anatafuta gundi kali, akapata inayobanduka. Hiyo ni yenyewe halisi. Yangu ilikuwa ya kuiga, ya kununua kwa pakiti kwa machinga, halafu ubao wote una vumbi la karatasi kutoka mashine ya kukatia.

Saa 12 asubuhi anaingia mama wa usafi, anakuta sakafu nzima ina rangi. Angekuwa mtu mwingine angefagia. Yeye akainama akaokota kimoja kimoja, akavifuta vumbi kwa kanga yake, akavirudisha ubaoni na kuvikazia kwa seloteipu.

Mimi asubuhi hiyo nilipitia kwa mteja Tegeta, nikafika saa 5. Nikasimama mlangoni nikishangaa. Kila mtu yuko mbioni, hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Na ubao! Njano zote pamoja, pinki zote pamoja, kijani, bluu, mistari imenyooka kama safu ya gwaride. Nilijisikia fahari, nadhani kwa sekunde kama 10 hivi.

Chini ya ile 2 kulikuwa na vikaratasi 9 vya njano.

Kaunta walikuwa wamekaa akina mama 4 wa kwaya, wamefuata tiketi za uzinduzi wa Jumapili. Binti wa kaunta alikuwa ameshawaambia, "Tiketi zenu ziko tayari," kwa sababu bluu zote zilikuwa TAYARI, na sasa alikuwa chini ya meza, miguu tu inaonekana, anapekua maboksi. Tiketi hazijapata hata pleti, lile bati la kuchapia. Mmoja wa wale mama alishaanza kuimba kwa kufumba mdomo, wa pili anaingia na sauti ya pili.

Pinki zilikuwa ZINAKATWA. Kijana wa kukata alitafuta risiti za kukata, akakosa, akaona vitabu 50 vilivyofungwa vinasubiri kupelekwa, akavikata tena. Vilinyooka vizuri sana. Namba za risiti, zilizokuwa pembeni juu, zilibaki nusu. Namba 118 ilikuwa imekuwa kama mistari 3 ya mtoto wa chekechea.

"Mzee," nikasema, "wewe unachapa nini?"

"Nimeshamaliza. Kadi za mchango, 300."

Akanionyesha moja iliyobaki. Alikuwa ametoa pleti za zamani, akaziosha gamu ya kuzihifadhi, akachapa kazi safi kabisa. Harusi yenyewe ilishapita, Jumamosi mbili nyuma. Pilau yake nilikula mimi mwenyewe.

"Mzee wangu, hukushangaa?"

"Nilishangaa." Akafuta mikono na tambara taratibu. "Lakini uliniambia nisiulize."

"Ziko wapi?"

"Zimeondoka na bodaboda saa 4."

Nikamtafuta mama wa usafi, nikamkuta anasuuza tambara nje. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza kwa upole kama aliona vile vikaratasi vimeandikwa.

"Niliona maandishi, mwanangu, ila sikuyasoma. Karatasi za ofisi si za kusomwa na kila mtu. Ila rangi mlikuwa mmezichanganya sana."

Nimjibu nini? Nikasema ahsante mama.

Simu ikaita. Mwenyekiti wa kamati ya harusi. Nikaipokea nimeshaandaa pole, samahani na ahadi ya kutuma bodaboda kwa gharama zetu.

"Kaka, hizi kadi nani amewaagiza?"

"Mwenyekiti, tusamehe sana, ni ubao wetu..."

"Hapana, hapana, msije kuzichukua." Akashusha sauti. "Wa ukumbi bado wanatudai. Mngetubadilishia tarehe tu hapo chini."

Mzee alikuwa nyuma yangu anasikiliza, kikaratasi kitupu tayari kiko mkononi.

"Hiyo ni njano tena," akauliza, "au madeni yana rangi yake?"