Petroli ikipanda, Jumapili ndiyo inayokatwa

Mafuta yakipanda bei nyumbani, malalamiko yetu yana mpangilio wake. Inaanza nauli ya kwenda kazini. Unafuata unga, nyanya na mkaa, kwa kuwa vyote vinaingia mjini kwa lori. Kisha tunageukia tozo, ruzuku na nani anafaidika. Nipo Hamburg, Ujerumani, miaka mingi sasa, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta kwetu Tanzania, inapotoa bei kikomo, nafuatilia mjadala huo kwenye simu mpaka usiku. Sijawahi kuona matembezi yakipewa hata mstari mmoja. Kuwapeleka watoto baharini Jumapili, kwenda kumsalimia shangazi bila sababu yoyote, kwenda Uwanja wa Mkapa kuangalia mpira badala ya kubanana kwenye banda la video mtaani: hayo ndiyo yanayokatwa mwanzo kabisa, yanakatwa kimya kimya, na hakuna anayeyahesabu kuwa ni hasara.

Huku nilikohamia yanahesabiwa. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu naamini na sisi tunaweza kuyahesabu.

Turudi 2022. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi Februari, bei zilipaa huku na huko. Ujerumani lita ya petroli ilivuka euro 2 mwezi Machi. Dar es Salaam, ilipofika Agosti, lita ilikuwa shilingi 3,410. Wajerumani walilalamika kwa nguvu zote. Waliokuwa karibu na mpaka wa Poland walivuka kwenda kujaza tanki upande wa pili. Kazini, kwenye foleni ya mkate, kwenye ngazi za jengo ninamoishi, mazungumzo yalikuwa mafuta tu. Lakini kilichonishangaza ni walichokuwa wanakililia. Pasaka ilikuwa inakaribia, kisha likizo za kiangazi, na watu waliuliza waziwazi: tutafikaje baharini mwaka huu? Wazazi wazee tutawaona vipi? Wala hakuna aliyewacheka wala kuwaambia kwamba dunia iko vitani na wao wanawaza kuogelea. Swali lilichukuliwa kuwa swali la maana.

Serikali yao ikajibu kwa njia mbili, zote kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Ya kwanza ilikuwa kupunguza kodi ya mafuta, kama senti 35 kwa lita ya petroli. Ya pili ndiyo iliyonifanya nipende nchi hii kwa namna mpya: tiketi ya euro 9 kwa mwezi mzima, nchi nzima, kwa mabasi, tramu, treni za mjini na treni za mikoani. Zile za masafa marefu tu ndizo hazikuhusika. Zikauzwa tiketi kama milioni 52 kwa miezi mitatu.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni bibi anayeishi kwa pensheni ndogo. Bahari ya Baltiki iko Travemünde, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni kutoka hapa, na alikuwa hajaiona kwa miaka kadhaa kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inamlia hela ya chakula. Kiangazi kile alikwenda kila alipojisikia. Alikuwa anashuka asubuhi na mfuko wa kitambaa, ndani chupa ya kahawa, mkate uliofungwa kwenye karatasi na taulo, anarudi jioni mashavu mekundu kwa jua. Siku moja alinigongea mlango kunionyesha kokoto alizookota. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, amesimama mlangoni kwangu, ananichambulia rangi za mawe kwenye kiganja. Mchumi gani ataiweka ile furaha kwenye jedwali?

Sisemi mambo yalikuwa mazuri tupu. Wikiendi ya Pentekoste treni za kwenda pwani zilijaa hadi watu wa baiskeli wakaachwa kwenye majukwaa. Vijijini, ambako basi linapita mara chache kwa siku, tiketi ya euro 9 haikumsaidia mtu kitu. Na ile miezi mitatu ilipoisha, iliisha kweli. Ilipokuja tiketi nyingine ya nchi nzima, Mei 2023, ilikuwa euro 49, na imepanda tena tangu hapo. Pia lipo jambo ambalo wengi hawalisemi: kupunguza kodi ya mafuta kulikula zaidi ya euro bilioni 3 za serikali, tiketi ikala kama bilioni 2.5. Yaani ile iliyowafikisha mamilioni baharini, maziwani na kwa ndugu zao ndiyo iliyokuwa nafuu.

Na sisi? Juni 2022 serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya bei ya mafuta. Ilisaidia, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Ila ruzuku ya lita inamfuata mwenye lita nyingi. Mwenye Land Cruiser anayejaza lita 80 anaondoka sheli na nafuu kubwa. Bodaboda anayesema "nipe ya elfu tano" anapata matone. Mama aliyeketi kiti cha nyuma kwenye daladala hapati chochote mkononi, kwa kuwa Mei 2022, kabla hata ruzuku haijaanza, nauli ya njia isiyozidi kilomita 10 ilikuwa imeshapanda kutoka 400 hadi 500. Desemba 2023 ikapanda tena, 600. Bei ya mafuta inapanda na kushuka. Nauli ikishapanda, haijui njia ya kurudi.

Dada yangu anaishi Temeke na wanawe watatu. Zamani Coco Beach ilikuwa Jumapili yao: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, watoto kwenye maji mpaka jua linazama, kisha foleni ya kurudi wote wakinuka chumvi. Ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mdogo anapakatwa, kwa hiyo wanalipa watu watatu. Kwa nauli ya 400 ilikuwa shilingi 4,800. Kwa 600 ni 7,200, na bado hawajala muhogo hata kipande. Mwaka jana nilimuuliza kwenye simu mbona siku hizi hanitumii picha za baharini. "Mdogo wangu," akaniambia, "vyuma vimekaza. Hiyo nauli ni mboga ya siku mbili." Hakulalamika. Aliitamka kama mtu anavyokueleza saa ngapi. Halafu mwanawe wa kati akaomba simu: "Mama mdogo, eti huko kwenu kuna bahari?"

Nilishindwa kumjibu vizuri. Mtoto amezaliwa Dar es Salaam, mji uliojengwa ukingoni mwa Bahari ya Hindi.

Najua nitakachoambiwa: mwenye njaa hana habari na ufukwe, kwanza shibe ndipo starehe. Nimelisikia hilo tangu utotoni na silikubali. Wazee wetu hawakuishi hivyo. Walikuwa na njaa zao na walikuwa na ngoma zao. Na kwetu matembezi si kwenda hotelini. Matembezi yetu makubwa ni kutembeleana, na hapo ndipo bei ya mafuta inapotuumiza kuliko inavyomuumiza Mjerumani. Msibani tutakwenda hata petroli ifike elfu kumi, tutachanga, tutakodi Coaster, tutafika. Harusini tutajikokota. Kinachokufa ni ile "nimepita tu kuwajulia hali". Ndugu wa Mbagala na ndugu wa Tegeta, mji mmoja, wanaonana makaburini. Nikija likizo nasikia neno lilelile kila nyumba: tunakutana kwenye misiba tu siku hizi. Watu husema ni ubize, ni utandawazi, ni simu. Mimi nasema tuipigie hesabu nauli kwanza.

Wala si jambo jipya, huku wala kwetu. Mwaka 1973, Waarabu walipobana mafuta kwa sababu ya vita vya Oktoba kati yao na Israel, Ujerumani Magharibi ilipiga marufuku magari kutembea kwa Jumapili nne, kuanzia tarehe 25 Novemba. Picha za siku zile bado zinaonyeshwa: familia zinatembea kwa miguu katikati ya barabara kuu za mwendo kasi, watoto juu ya baiskeli, wengine juu ya farasi. Sisi pia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hali ilipokuwa ngumu, magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Tofauti ni kwamba wao waliiandika Jumapili ile kuwa sehemu ya historia yao, wanawasimulia wajukuu. Ya kwetu imebaki vichwani mwa wazee wachache, na nadhani ingefaa mtu akawaulize kabla hawajaondoka: mlifanya nini Jumapili zile? Mlikwenda wapi kwa miguu?

Lipo tunalowashinda, na nalisema huku wazi wazi. Kwetu bei kikomo inajulikana mwezi mzima. Hapa kwa miaka mingi bei ilikuwa inabadilika mara nyingi kwa siku moja. Asubuhi ghali, jioni nafuu, na watu walizunguka na programu kwenye simu wakitafuta sheli yenye senti mbili pungufu. Waliuita huo uhuru wa soko. Ukiwa na familia unayotaka kuipangia safari, mfumo wa EWURA una utu zaidi.

Pia tuna reli. Tangu katikati ya 2024 SGR inakwenda Morogoro, kisha Dodoma, na inatumia umeme. Ilipoanza, nauli ya kawaida ya Dar hadi Morogoro ilikuwa 13,000, na watu walipanda kwa ajili ya kutembea tu: kuiona Milima ya Uluguru, kula, kupiga picha, kurudi. Nilifurahi mno kuona zile picha. Watanzania wengi wanyama wa Mikumi wamewaona kwenye dirisha la basi la Mbeya tu, kwa kuwa barabara inapita katikati ya hifadhi. Kiingilio cha raia si kikubwa. Kinachoua safari ni kukodi gari na kulijaza mafuta. Treni ya umeme inakufikisha Morogoro, na kutoka hapo mpaka lango la Mikumi ni barabara ya lami. Mabasi ya Jumamosi yaliyopangwa kuipokea treni ya asubuhi, nauli moja kwa safari yote, watoto nusu: hilo halihitaji wafadhili. Linahitaji watu wawili wa ofisi mbili kukaa meza moja.

Lakini ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubadilisha, nisingeanza na reli. Ningeanza na sare ya shule. Mwanafunzi analipa 200 kwenye daladala akiwa amevaa sare. Jumapili, akiwa na kaptura na ndala, konda anamhesabu mtu mzima. Mtoto ni yuleyule, kimo kilekile, kiti kilekile. Maana yake tumekubaliana kama taifa kwamba mtoto wa maskini ana haki ya nafuu akienda darasani, ila akienda kucheza ajitegemee. Hapa Hamburg, tangu Septemba 2024, kila mwanafunzi anapewa bure tiketi ya nchi nzima. Inafanya kazi Jumanne saa moja asubuhi na inafanya kazi Jumapili saa kumi jioni, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010. Ujumbe mwingi umeshapita kati ya hizi bandari mbili. Nauli ya watoto ya Jumapili nayo ingepewa nafasi kwenye mazungumzo hayo.

Makonda msinirukie. Najua hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu ni Jumapili, na najua mnavyogombana na wanafunzi asubuhi si kwa roho mbaya bali kwa kuwa kila kiti cha 200 kinatoka mfukoni mwenu. Ndiyo maana simtaki konda abebe mzigo huu. Abebe aliyetoa bilioni 100 kwa mwezi kwa ajili ya lita. Kipande kidogo cha fedha ya namna hiyo, siku mafuta yatakapopanda tena, kiende kwenye kiti cha mtoto Jumamosi na Jumapili, kianzie kwenye mabasi ya mwendokasi na pantoni ya Kigamboni ambako serikali ina sauti, kisha daladala zilipwe fidia kwa njia zinazopita ufukweni na viwanjani. LATRA, mamlaka inayopanga nauli za mabasi, inakusanya maoni ya wananchi kila inapotaka kupandisha nauli. Safari ijayo, akina mama wa Temeke mkienda kwenye kikao hicho, msiishie kwenye nauli ya kazini. Dai hili la Jumapili lisomwe na liandikwe kwenye kumbukumbu.