Faili la mtoto lianze siku anapopokelewa, sio siku wazazi wanapopatikana

Huku Moshi watu wengi wakisikia mgeni kutoka nje ya nchi anataka kuasili mtoto, yaani kumchukua awe mwanawe kisheria, wanadhani ni kuongea tu na mama wa makao ya watoto, kusaini na kwenda uwanja wa KIA kupanda ndege. Wengine nao wanaamini serikali imeweka masharti magumu makusudi ili watu wakate tamaa. Mi kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na wageni wa hapa mjini huwa nawasindikiza maofisini, kwa hiyo haya mambo nayaona kwa karibu sana. Msimamo wangu ni kwamba masharti yenyewe yako sawa kabisa, tunapowaangusha watoto ni kwenye karatasi zao wenyewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema asiye Mtanzania awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, akae na mtoto kwa malezi ya kambo, yaani amlee kwanza kabla ya kumuasili, angalau miezi 3 afisa ustawi wa jamii akiwa anafuatilia, asiwe na rekodi ya jinai kwao wala kwingine, apate mapendekezo ya mamlaka za nchi yake, halafu airidhishe mahakama kwamba kwao ile amri itatambuliwa. Hiyo miaka 3 ndo inalalamikiwa kuliko yote na mimi naitetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ule Mkataba wa Hague wa 1993 unaozibana nchi mbili zishirikiane pale mtoto anapovuka mpaka, Tanzania haijajiunga nao, sasa mtoto akishaondoka nani atakuwa anamfuatilia? Bora huyo mtu tumjue kwanza akiwa hapa hapa, majirani wamzoee, waone anaishije na watu siku akiwa na hasira na siku akiwa amechoka.

Kuna sharti lingine, kwamba ionekane mtoto hawezi kupata malezi yanayofaa hapa Tanzania. Nilishuhudia afisa ustawi mmoja akikataa kuandika ripoti mpaka kijijini kwa marehemu mama wa mtoto kuulizwe kwanza, na kweli huko Rombo akapatikana shangazi ambaye hakuwa hata na habari kwamba kuna mtoto aliachwa. Wale wageni waliotaka kumuasili walishamzoea mtoto, mama wa watu alilia pale kwenye benchi nje ya ofisi na mimi nikalia naye, lakini yule mtoto leo yuko kwa ndugu zake na yule afisa namheshimu mpaka kesho.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mtoto anaokotwa, polisi wanaandika barua, ustawi wanampeleka makao, anapewa jina na umri wa kukadiria, basi. Miaka inapita hakuna aliyefuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, hakuna aliyeandika popote kama ndugu walitafutwa au la, mpaka siku inatokea familia inayomtaka ndo watu wanaanza kukimbizana. Kuna faili nililishika kwa mikono yangu, barua ya polisi inasema Elisha, karatasi ya makao inasema Elisia, kadi ya kliniki ina jina lingine kabisa na mwaka wa kuzaliwa umekwanguliwa ukaandikwa upya juu yake kwa peni nyekundu. Wakili akaliangalia akasema hili haliwezi kwenda Mahakama Kuu hivi lilivyo. Zikaanza hati za viapo, akatafutwa askari aliyeandika ile barua kumbe alishahamishwa mkoa, ofisi moja ukienda unaambiwa mhusika yuko likizo na funguo ya kabati anayo yeye, na muda wote huo mtoto yuko makao, anauliza wale wageni wanakuja lini tena. Hapo hakuna aliyekuwa anamlinda jamani, tusidanganyane.

Na hili sio la wageni peke yao. Mtu na mkewe wa Pasua hapa Moshi au wa Sakina kule Arusha wakitaka kuasili watakutana na karatasi hizo hizo. Hata asipotokea mtu wa kumchukua, huyo mtoto atahitaji cheti shuleni, atakihitaji NIDA kwa kitambulisho cha taifa, atakihitaji maisha yake yote. Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu, siku mtoto anapopokelewa jina liandikwe herufi kwa herufi sawa kwenye barua ya polisi, daftari la makao na kadi ya kliniki, maombi ya cheti yaanze, na kila hatua ya kutafuta ndugu iwekwe kwenye maandishi na tarehe. Haihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa, inahitaji mtu mmoja aambiwe hii ni kazi yako.

Na nyie mnaotaka kuasili, kabla hamjamzoea mtoto ombeni kuona nyaraka zake kupitia afisa ustawi. Mjue pia kwamba amri ya mahakama yetu sio viza, Marekani kwa mfano wana tafsiri yao ya yatima na watamchunguza mtoto upya hata kama jaji wa huku ameshakubali, kwa hiyo wakili wa huku na wa kule wawasiliane tangu mwanzo kabisa. Na mtu yeyote akiwaambia ana njia ya mkato, au akianza kutaja bei, msijadiliane naye, nendeni ustawi au polisi mkamripoti siku hiyo hiyo.