Nani kasema Mbongo hanunui muziki?

Msanii wa Dar es Salaam akitangaza kwamba hataki lebo, yaani kampuni ya kumsimamia, atauza nyimbo zake mwenyewe, jibu analopewa ni lile lile: utamuuzia nani? Mbongo hanunui muziki, wimbo uko YouTube bure. Kauli hiyo imerudiwa mno hadi vijana wanaiamini, na ndiyo inayowasukuma kusaini mikataba hata hawajaisoma.

Nenda Manzese au Mbagala Rangi Tatu, kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo. Dereva wa bodaboda anatoa flashi, anataja singeli anazozitaka, anasubiri zikopiwe, analipa na kuondoka. Kalipia muziki huyo. Ila hela imebaki kwa mwenye kompyuta, aliyeimba hana habari. Kwenye taarabu, watu wanainuka vitini kumtunza mwimbaji, noti mkononi. Kwenye dansi, mapedeshee, yaani matajiri wapenda sifa, walimwaga fedha ili majina yao yatajwe ndani ya nyimbo. Shabiki wa mji huu analipa, tena kwa furaha, hasa akimwona anayempa. Inauma kusikia anaitwa bahili wakati hakuna aliyemwonyesha pa kulipia.

Na pa kulipia papo. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na leo hata muuza chipsi ana lipa namba. Chukua msanii wa kawaida tu mwenye mashabiki 500 kwenye magrupu ya WhatsApp. Wakinunua albamu kwa shilingi 2,000 kila mmoja, ana milioni moja kabla ya makato ya mtandao. Hajengi nyumba kwa hiyo, lakini analipa studio bila kukopa, na anawajua wanunuzi wake kwa namba zao. Akipiga shoo Temeke, anajua wa kumpigia.

Lebo nazo zina hoja. Video nzuri, mavazi, safari za redioni na kolabo za Nigeria ni gharama, na lebo inazitoa wakati msanii bado hajulikani. Nyingi ya gharama hizo hazirudi. Mwanamuziki Harmonize alikuzwa na WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, hilo halina ubishi. Lakini alipoondoka mwaka 2019, mwenyewe alieleza kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, na akauza nyumba ili azipate. Yeye alikuwa nyota, alikuwa na cha kuuza. Chipukizi wa Tandale aliyenasa kwenye mkataba kama huo atauza nini?

Kwa hiyo anayetaka kuvuka mipaka haraka anaihitaji lebo, sikatai. Ila aanze kwa kuuza mwenyewe, aende mezani akiwa na watu wake tayari. Asaini kwa miaka michache inayohesabika, masta, yaani rekodi halisi za nyimbo, zibaki zake, gharama za kuvunja mkataba ziandikwe mapema, na namba za mashabiki wake asimkabidhi mtu.