Mbwa ana pasipoti, mtoto hana cheti

Mwaka 2001 Brigitte Bardot, mwigizaji wa zamani wa Ufaransa, alifika Bucharest, mji mkuu wa Romania, akakutana na meya Traian Băsescu na kutoa fedha ili mbwa koko wahasiwe badala ya kuuawa. Miaka hiyohiyo, jirani na stesheni ya Gara de Nord, watoto walilala chini ya ardhi, kwenye mahandaki ya mabomba ya maji moto. Asubuhi ya baridi mfuniko wa chemba ulisogea, kichwa kikachomoza, midomo imeganda rangi ya fedha: aurolac, rangi ya kupaka waliyoivuta kwenye mfuko wa plastiki wasahau njaa.

Lawama ikaja yenyewe: huruma gani hii, inayomwona mbwa ikamruka mtoto?

Lawama hiyo si ya wivu tu. Septemba 2013 mbwa walimuua mtoto wa miaka 4 jijini humo, na bunge likapitisha upesi sheria ya kuruhusu mbwa aliyekamatwa asiyechukuliwa na mtu kwa siku 14 za kazi auawe. Nani angethubutu kumhubiria mzazi yule haki za wanyama? Lakini watetezi wa mbwa nao wana hoja: wanaobaki wakiachwa bila kuhasiwa watazaa, na mwakani kazi ni ileile.

Wanaobishana husahau kwamba watoto wale na mbwa wale ni wa baba mmoja. Nicolae Ceaușescu, mtawala wa kiimla wa Romania, alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966, akitaka taifa liongezeke. Utawala wake ulipoanguka 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa kwenye vituo vya kulelea watoto. Miaka ya 1980 akabomoa nyumba zenye nyua na kuwahamishia watu kwenye maghorofa. Mbwa hawakuhamishwa.

Kwa hiyo sikubali kwamba fedha za Bardot zilimnyang'anya mtoto uji wake. Kinachonikera ni wepesi. Mbwa huchanjwa kichaa, huwekewa chipu, hupewa pasipoti (ndiyo, pasipoti ya Umoja wa Ulaya) na kupakiwa garini hadi Ujerumani. Mfadhili anapata picha yake, mnyama yuko kwenye zulia. Mtoto hapakiwi hivyo, na asipakiwe: watoto kuasiliwa na wageni kuligeuka biashara miaka ya 1990, hadi Romania ikasitisha mwaka 2001, kisha sheria ya 2004 ikaufunga mlango karibu wote. Yeye anataka mlezi na shule miaka kumi na zaidi, na afisa ustawi asiyechoka kumfuata. Hapo hakuna picha nzuri ya kumtumia mfadhili.

Mbwa waliohasiwa walirudishwa mtaani na kipini cha plastiki sikioni, chenye namba. Mle mahandakini walikuwamo vijana wasio na hata cheti cha kuzaliwa.