Funza wa kulishia perege: kinyaa sio hoja, hesabu ndo hoja

Juzi nimemwambia jirani yangu hapa Moshi, ana bwawa la perege, apunguze dagaa wa kusaga ajaribu funza wa nzi chuma (wengi wanawaita BSF, kifupi cha Kiingereza black soldier fly). Kanijibu hawezi kuuza samaki waliolishwa uchafu. Haya, lakini dagaa anaowamwaga bwawani ndo walewale wanaopimwa kwa kopo pale Mbuyuni, mama anapeleka kwa watoto, sasa perege na mtoto wanagombea sahani moja na bei nani anaipandisha?

Funza anakula maganda ya ndizi, mabaki ya sokoni, hata machicha ya mbege, wiki mbili hivi unavuna. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wenyewe, na masharti yao yote, wameruhusu kwenye chakula cha samaki tangu Julai 2017.

Shida naiona kwa wauzaji. Wanakwambia "protini asilimia 42", na mfugaji anatoa kilo ya dagaa anaweka kilo ya funza anaona kamaliza. Kumbe maabara haipimi protini yenyewe, inapima naitrojeni halafu wanazidisha kwa 6.25, na ganda la funza lina kaitini, ile inayofanya ganda la mdudu liwe gumu, ambayo nayo ina naitrojeni, kwahiyo ganda linahesabiwa nyama! Wataalam waliopima funza mzima wanasema kizidisho chake ni 4.76, piga mwenyewe, ile 42 inabaki 32. Samaki wakidumaa lawama anabeba funza wakati aliyekosea ni kalkuleta. Perege ukimbadilishia nusu ya dagaa, ukafidia na mashudu ya soya, anakua vizuri tu, hana makuu. Mwenye trauti huko juu kwenye maji baridi asijaribu kijinga, mafuta ya funza ni mengi ila omega 3 ya samaki hayana.

Wanaopinga wana la kweli pia, funza akilishwa taka zenye kadimiamu, madini yenye sumu, anaikusanya mwilini, so taka za kiwandani achana nazo. Na Arusha ile ya Juni na Julai, nzi anayetaka joto la nyuzi 27 hivi utamfugia wapi bila banda la nailoni?

Jirani kalainika, eti anaanza na vifaranga. Nimemkatalia, hao ndo wanataka protini kuliko wote, aanze na wale wakubwa.