Kila Mzee Aliwahi Kuwa Nalo

Leo tena. Nimesimama kituo cha petroli, hata kifuniko cha tangi sijakigusa, nikasikia nyuma yangu mtu anavuta pumzi. Wenzangu wenye magari haya mnaijua pumzi ile. Inavutwa polepole kwa puani, halafu kimya, halafu: "Niliwahi kuwa nalo moja kama hili."

Hongera, mzee. Nchi hii nani hakuwahi? MGB, haya magari madogo ya Kiingereza ya kujivinjari, zilitoka kiwandani Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, na kwa hesabu yangu kila moja ilipita mikononi mwa wanaume kumi, wote kumi wangali hai, na wote hununua petroli Northampton siku ninayonunua mimi. Yuko aliyeliuza mtoto wa kwanza alipozaliwa. Yuko ambaye mwenye gari alikuwa kaka yake, yeye alikuwa wa kusukuma tu. Yuko aliyeweka kiganja juu ya boneti akafumba macho. Nikamwacha, nikaenda kulipa, nikarudi, bado amefumba. Mkewe alikuwa garini mwao anasoma gazeti, ametulia, ameyazoea.

Mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Nimefika umri wa kutafutiwa kiti msikitini. Nikiamua kuwa na gari la viti viwili, la 1972, kijani kile kizito, bampa za kromu zinazong'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, hilo ni jambo langu na pesa zangu. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe nimenunua mali ya ushirika. Wanahisa ni taifa zima, na mchango natoa peke yangu.

Ya mvua sisemi. Turubai la juu mnalijua: ukilifunga unalowa bega moja, ukilifungua unalowa yote mawili. Ya oili pia sisemi, muulizeni mke wangu, yeye ndiye mwenye hotuba ya mawe ya uwanjani kwetu. Hita inafanya kazi Julai. Betri ni 2, za volti 6 kila moja, na wahandisi waliona pa kuziweka ni nyuma ya viti, chini ya kifuniko cha sakafu, ili anayetaka kuziangalia aanze kwa kusujudu. Petroli ndiyo usiseme. Tangu 2021 ile ya kawaida hapa Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inatafuna mipira ya zamani, kwa hiyo mimi na mshahara wangu huu tunapanga foleni kwenye pampu ya bei ya juu, pamoja na wenye Porsche. Wananitazama. Na mimi nawatazama.

Serikali yenyewe ilishanawa mikono. Gari likipita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu 2018 halilazimishwi hata kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Watu wanadhani tumepewa heshima. Heshima gani? Ndivyo daktari anavyomwambia mgonjwa ale anachotaka.

Lakini yote hayo weka kando. Kuna siku ya harusi ya Leicester.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Gari la mke wangu, lile la Kijapani lisilo na historia wala matatizo, lilikuwa limejaa watoto na masufuria ya biriani. Nafasi iliyobaki Uingereza nzima ilikuwa kiti kimoja, ubavuni pangu.

Akalizunguka gari. Akasimama.

"Mwanangu, na nusu yake iko wapi?"

Kuingia MGB kuna kanuni: unatanguliza makalio, mengine yatajileta. Sasa kanuni hiyo utamwambiaje mama mkwe? Nilishika mlango, nikatazama mawingu, nikawa nasema "taratibu mama, karibu mama," naye akaanza na mguu, akarudi, akaanza na kichwa, akarudi, akamtaja marehemu mumewe, mwisho akajiachia. Gari likainama upande ule. Nusu ya buibui ilikuwa nje. Nikaikusanya kwa adabu zote, nikafunga mlango. Kikapu akakipakata. Ndani mlikuwa na kinu na mchi, zawadi ya bi harusi, maana kitunguu thaumu cha mashine, kwa maneno yake, hakina baraka.

Ukabaki mkoba. Akaangaza macho kwenye dashibodi, akaona kitufe cha choki, nimekivuta kwa sababu ya baridi, kimechomoza. Akautundika.

"Angalau wameweka kulabu," akasema.

Ninyi mngesemaje? Mimi nilinyamaza. Tukaenda hivyo hivyo, mkoba unaivuta choki, choki inaimwagia injini petroli, moshi mweusi unatufuata, na mshale wa tangi unateremka ninautazama kwa macho yangu mawili. Ikabidi tuingie kituoni. Nikajaza, nikalipa, nikakaa, nikageuza ufunguo.

Kimya.

Wenye magari haya mmeshaelewa. Ukigeuza ufunguo, pampu ya petroli, iliyojificha chini huko nyuma karibu na gurudumu la kulia, inatakiwa ibishe: tik-tik-tik-tik, mpaka kabureta zote mbili zijae, ndipo itulie. Isipobisha, ncha zake za umeme zimekwama, na dawa ni ile ile tangu marehemu Malkia akiwa kijana. Unaigonga. Sasa uigongeje nawe umevaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi na mke wako asubuhi ile kwa vitisho, na chini ni maji matupu?

Nikiwa nawaza, nikasikia pumzi inavutwa puani.

Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu na miwani ya kamba. "Niliwahi kuwa nalo moja kama hili," akasema. "Hiyo ni kabureta."

"Ni pampu, mzee."

"Kabureta, kijana."

Kutoka pampu namba tatu akatokea mwingine na mbwa wake. "Ugonjwa wa kabureta, mara tisa kati ya kumi, ni umeme," akasema, na mbwa akakaa. Wa tatu aliteremka kwenye gari la kupeleka mikate. Yeye hakuwahi kuwa nalo, ila baba yake alikuwa nalo, na alikuja kumwakilisha. Baraza likatimia. Boneti yangu ikafunguliwa na watu nisiowajua hata majina. Mwenye kofia akafungua vifuniko vya juu vya kabureta, akachomoa vijiti vyake, akavinyanyua kwenye mwanga.

"Humu unaweka oili gani?"

"Namba 20."

"Mimi nilikuwa naweka ya cherehani."

"Ya cherehani!" Mwenye mbwa akashika kiuno.

Basi. Hapo mimi na gari langu tukasahaulika. Ilizungumzwa oili ya cherehani, ikazungumzwa oili ya injini yenyewe, ikazungumzwa majira ya baridi ya zamani ambayo, kumbe, yalikuwa baridi ya kweli. Nyuma yetu foleni ikafika barabarani. Waingereza hawapigi honi. Wanazima injini, wanateremka, wanakuja kusikiliza. Mmoja alikuja na uso wa kulalamika. Alipoona kilichoko chini ya boneti, uso ukalegea, nikajua tayari nimepata mwanahisa mwingine.

Mama mkwe akateremsha kioo.

"Mwanangu, hawa ni mafundi?"

"Hapana, mama."

"Jamaa zako?"

"Hapana, mama."

"Sasa wamekujia nini?"

"Waliwahi kuwa nalo gari kama hili, mama."

"Wakaliuza?"

"Ndiyo, mama."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Na hukujiuliza?"

Hapo ndipo ilipoingia Peugeot 404 ya marehemu baba mkwe, ambayo katika nyumba yetu hutajwa kwa sauti ya chini. 404 ilibeba watu wanane na mbuzi hadi Malindi. 404 haikugongwa-gongwa. Bert Shankland wa Dar es Salaam aliishindia Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwenye matope ya kumeza ng'ombe, wala hakusimama kuwauliza wapita njia wanatia oili gani. Yote hayo aliyasema kwa Kiswahili na kwa sauti iliyotosha kituo kizima, na mwenye kofia, Mungu na amjaalie, aling'amua neno moja, "Peugeot," akatikisa kichwa kwa huruma.

Simu ikalia. Mke wangu. Shehe ameshakaa, nikaha inafungwa, mama yuko wapi? Nikasema tuko njiani. Tulikuwa njiani kweli. Njia ndiyo haikuwa inasogea.

Mwisho mwenye mbwa akainama, akasikiliza, akatangaza kwamba ni pampu. Wakakubaliana wote. Mwenye kofia alisema alishuku tangu mwanzo. Nikaulizwa kwa upole kama nimefikiria kuigonga. Ukazuka mjadala mpya: nyundo ya shaba au gongo la mti? Kisigino cha kiatu hakifai? Wa mikate akasema baba yake alikuwa na kijiti maalumu, akaanza kuonyesha urefu wake.

Nikasikia mlango. Mama mkwe ametoka garini peke yake, bila mkono wa mtu, jambo ambalo mimi mwenyewe siliwezi, na mkononi ana mchi.

"Iko wapi?"

Nikaonyesha, pale chini, nyuma ya gurudumu. Nilitaka kumweleza kwamba mtu hupiga kutokea chini, polepole, kwenye pampu yenyewe. Nilifika kwenye neno "polepole." Mchi ukatua kwenye ubavu wa gari, juu ya gurudumu, mlio ukasikika hadi kwenye friji za maziwa.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Wazee wakashika vifua. Msidhani ni kwa furaha ya pampu. Ni rangi. Walikuwa wanaitazama rangi. Mama mkwe akaufuta mchi kwa ncha ya mtandio, akaurudisha kikapuni. Mwenye kofia akavua kofia.

"Na mama mkwe," akasema taratibu, "niliwahi kuwa naye mmoja kama huyu."

Tulifika Leicester nikaha imeshafungwa na biriani imefika kwenye ukoko. Sinung'uniki. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini gari hili halifi? Kwetu gari likizeeka linajua wajibu wake. Kinakosekana kipuri kimoja, linaegeshwa chini ya mwembe, kuku wanahamia, mtu anapumzika. Hapa hakuna kinachokosekana! Unapiga simu jioni, asubuhi tarishi yuko mlangoni na kile kile ulichokuwa unaomba kisipatikane. Tangu 1988 wanatengeneza hata bodi zima la MGB, jipya, linang'aa, halina hata doa la kutu. Sasa mtu aliyetungiwa hila namna hiyo atajinasua vipi? Mke wangu anasema uza. Nimuuzie nani, na wote walishawahi kuwa nalo?

Jirani yangu naye amenunua MG mpya ya umeme, maana jina hilo sasa ni mali ya Wachina, akaja kuniambia kwa uchangamfu kwamba sisi sasa tuna gari moja. Lake, anasema, likihisi mvua linafuta kioo lenyewe. Langu pia linaihisi mvua. Linaihisi mapema kuliko mimi, halafu linanigawia.

Mama mkwe amesharudi Mombasa na amelisimulia. Kila jioni napokea ujumbe kutoka kwa watu ambao sijasikia habari zao tangu mahari. Binamu anataka nililete kwa kontena, lipelekee maharusi ufukweni Nyali. Nikamkumbusha kwamba Kenya mtumba haupaswi kuzidi miaka 8. Shemeji, ambaye ana gereji na hana subira, hakutaka maelezo. Toa hiyo injini, akaandika, weka ya Probox, uishi.

Ya Probox! Nikamjibu kwa urefu. Nikamweleza kwamba hii ni injini ya sentimita za ujazo 1,798, ni historia, na kwamba wazee wa kituo cha petroli wakisikia hivyo watalazwa. Tena hata ukitaka, nikamwambia, vishikio vya injini havilingani, lazima uchomelee vingine, na radieta isogezwe mbele kama inchi mbili hivi.

Akaniuliza nimejuaje.