Je, Binti Atazaa? Chanjo ya HPV na Hofu ya Miaka Ijayo

Tanzania ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018, mitaani lilizagaa swali moja: binti huyu akishaolewa, atazaa kweli? Mwaka uliofuata Kenya nayo ikaanza, na huko hata chama cha madaktari Wakatoliki kikaipinga chanjo hiyo hadharani. Kwa hiyo tusiwaite wazazi wanaouliza wajinga. Wana sababu.

Ufilipino ni mfano. Watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa dhidi ya homa ya dengi pale watengenezaji wa Dengvaxia walipotangaza, Novemba 2017, kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, chanjo hiyo ingeweza kuufanya ugonjwa uwe mkali zaidi atakapoambukizwa. Madhara yaliyojificha kwa miaka yapo. Anayemwambia mzazi kwamba hayawezekani anajivunjia imani mwenyewe.

Lakini hofu ikishapewa haki yake, ipimwe. Denmark ilichunguza kumbukumbu za wasichana na wanawake karibu milioni moja, takribani nusu yao wakiwa wamechanjwa HPV, kuona kama ovari zao zinaacha kufanya kazi mapema. Waliochanjwa hawakuwa na tatizo hilo zaidi ya wenzao wasiochanjwa. Australia ilianza mwaka 2007, na mabinti wake wa kwanza waliochanjwa wakiwa na miaka 12 sasa wana umri wa miaka 30 hivi. Muda mrefu tunaouulizia sisi, wenzetu wameshaupita.

Tena kuna upande ambao mabishano haya huusahau. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na tangu virusi viingie mpaka uvimbe ujitokeze huweza kupita miaka 15 hadi 20. Kutochanja nako kuna madhara ya muda mrefu, ila mama atayaona binti akiwa ameshakuwa mama mwenyewe. Nchini Sweden, waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipungukiwa na hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 88.

Japani ilijifunza kwa gharama. Juni 2013, baada ya taarifa za wasichana kupata maumivu na kushindwa kutembea vizuri, serikali iliacha kuihimiza chanjo. Waliochanjwa wakashuka kutoka asilimia 70 hivi hadi chini ya 1. Utafiti wa wasichana wapatao 30,000 katika jiji la Nagoya haukuona dalili hizo zikihusiana na chanjo, ila uhimizaji ulirudi Aprili 2022 tu. Watafiti wamekadiria kwamba pengo la hadi 2019 pekee litaleta vifo zaidi ya 5,000.

Kwangu mizani imelala upande wa kuchanja. Kinachonikera ni namna tunavyoelezwa. Mzazi anaambiwa "ni salama", basi, kesho foleni shuleni. Mwanza, wasichana 930 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa na kinga yao ikapimwa, na matokeo yao ni sehemu ya ushahidi uliotangulia uamuzi wa Tanzania wa kutumia dozi moja mwaka 2024. Hao ni mabinti wetu, wa shule zetu. Habari zao zingesomwa kwenye mkutano wa wazazi, kabla sindano haijafunguliwa, na muda wa maswali ukatolewa.